Siku Nilipoziba Matundu ya Kofia

Kuna wanaume hapa Malindi, na wengine Mambrui, na mmoja Mnarani mwenye umri wa babu yangu, ambao wakiniona naja kwa mbali huvua kofia zao na kuzitia kwapani, na siwalaumu. Mimi ni fundi wa kompyuta na simu, naitwa Sudi, si mwizi wala si mwehu, lakini jambo nililolifanya nyumbani kwa Bi Rukia limenipa jina la Sudi Matundu, na jina likishashika mjini kwetu hulibandui hata kwa maji ya moto. Basi kuliko mlisikie barazani kwa watu wanaotia chumvi mpaka mchuzi ukawa hauliki, naona nilisimulie mwenyewe.

Nilikuwa nataka kuoa. Mwanaisha, mwalimu wa chekechea, binti wa pekee wa Bi Rukia, aliniletea simu yake iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, nikaitengeneza kwa siku tatu ingawa ilikuwa kazi ya nusu saa (simu ya mtu kama yule hairudishwi upesi), na katika siku hizo tatu za kuja kuulizia tukazungumza, na mazungumzo yakaendelea hata simu ilipopona. Mwisho nikamwendea ami yangu, Ami Bakari, aliyenilea, nikamwambia nimepata. Akaniuliza ni wa nani, nikamtajia, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kusema Alhamisi baada ya swala ya alasiri atakwenda na rafiki yake, Mzee Shali, wakabishe hodi kwa mama wa binti na wamsikilize kabla posa yenyewe haijapelekwa kwa ami zake Mwanaisha.

Sasa, kwetu kijana hajiposei. Wazee ndio wanaokwenda, na wewe mwenye shida unakaa kwako umetulia, maana kupita tu mtaa ule bila sababu ni utovu wa adabu, sembuse kuingia ndani ukanywa maji kwa mtu ambaye huenda akawa mkweo. Haya yote nayajua tangu utotoni. Nayasema mapema ili msije mkadhani nilifanya kwa kutojua.

Alhamisi yenyewe, asubuhi, Mwanaisha akanitumia ujumbe. "Kompyuta ya marehemu baba inakufa na mama anatafuta fundi. Nimempa namba ya duka lako. Tafadhali tuma mtu mwingine, usije wewe." Ni maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Jirani yangu wa duka, Charo, ni fundi mzuri kunishinda na angekwenda kwa furaha. Lakini mimi nikapiga hesabu za kijinga: nitafika saa tatu, saa sita nimeshatoka, na ami akija alasiri akaitaja kazi yangu, Bi Rukia atasema, "Ah, si yule fundi kijana, mpole, mwenye mikono mizuri?" Nikavaa shati langu jeupe, lile la Idi, nikabeba mkoba wa vifaa nikaenda.

Bi Rukia ni mama mrefu, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kichwa, na nilimkuta amekaa ukumbini anashona kofia, zile za mkono, zenye matundu madogo yanayozungushiwa uzi moja moja mpaka kofia nzima ikawa kama dirisha la nakshi. Kofia moja humchukua miezi, na mwenye kuivaa huringa nayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiwe fundi? Waitwa nani?"

Nilihofu huenda Mwanaisha ameshamtajia jina; ningesema Sudi, mambo yangeishia mlangoni. Nikasema, "Watu huniita Fundi tu, mama." (Hilo ndilo neno la uongo la kwanza. Yalifuata mengine.)

Kompyuta ilikuwa ya zamani, ya kioo kinene chenye mgongo kama kobe, iliyotupwa na hoteli moja ambako marehemu mumewe, Bwana Omari, alikuwa karani. Nikalifungua sanduku lake, nikaona vumbi la miaka, nikalipuliza kwa mdomo bila kufikiri na vumbi lote likanirudia mimi. Bi Rukia akacheka kidogo, akasema, "Vua shati hilo nikalifue, lisije likashika doa. Jifunge hii." Akanipa leso, kanga yake moja. Leso ilikuwa na maneno yake kama leso zote, na maneno yenyewe siyasemi hapa, ila hayakuwa maneno ya kuvaliwa na mwanamume. Nikajifunga kifuani nikaendelea na kazi, na shati langu likawa linaning'inia kambani uani, kivulini pasipofika jua, limelowa chepe chepe.

Kompyuta ilipowaka ndipo akanionyesha alichokitaka. Bwana Omari, Mungu amrehemu, aligundua kwamba ndani ya mashine ile mlikuwa na programu ya kuchorea ikoni, vile vipicha vidogo tunavyobonyeza kwenye kompyuta, na programu hiyo ilikupa ukurasa wa visanduku thelathini na viwili kwenda juu na thelathini na viwili kwenda upande. Mtu mwingine angeona programu ya kuchezea. Yeye aliona kofia. Kila kisanduku akakifanya pigo moja la sindano. Cheusi ni uzi, cheupe ni kitambaa kilichoachwa wazi, na penye tundu hakupaka rangi yoyote, kwa sababu programu ile iliruhusu kisanduku kisiwe na kitu, ukakitazama ukaona kilicho nyuma yake. Fikirini akili hiyo. Jioni anachora, asubuhi mkewe anachapisha na kushona mpaka karatasi inachakaa na kutupwa, wakafanya hivyo mpaka ikafika michoro arobaini na mitatu, na wanawake wanne wakawa wanashonea nyumba ile.

"Shida," akasema Bi Rukia, "ni kwamba picha hizi za kizamani hazifunguki kwenye simu. Nataka uzigeuze ziwe za kufunguka, niwatumie wenzangu kwenye WhatsApp. Kuna kofia kumi na moja za harusi ya Mtwapa na tunataka kuanza leo." Kisha akanyoosha kidole kwenye mchoro wa mwisho kabisa. "Na huu uangalie zaidi. Aliuchora mwaka wake wa mwisho. Haujashonwa hata mara moja, nimeuweka. Utashonwa siku Mwanaisha akipata mume."

Nikausogelea mchoro ule mpaka pua ikakaribia kioo, kwa maana nilikuwa natazama kofia yangu mwenyewe, isipokuwa mimi tu ndiye niliyejua. Nikasema, "Usiwe na wasiwasi, mama."

Kugeuza faili za ICO, yaani za ikoni, si kazi. Nina programu yangu kwenye flashi, unaipa faili zote kwa mkupuo, unachagua unataka ziwe nini, unabonyeza. Nikachagua JPG, kwa sababu JPG hufunguka kila mahali, hata kwenye simu ya mkulima wa Ganze. Chini yake palikuwa na kisanduku kidogo kikiuliza kama faili za zamani zifutwe baada ya kugeuzwa. Diski ilikuwa imejaa hadi kooni, na mimi napenda usafi, na saa zilikuwa zinakwenda. Nikatia tiki. Arobaini na tatu zikapita kwa muda wa kumeza mate, nikatupia jicho orodha, nikaona nyeusi na nyeupe, nikaridhika, nikazihamishia kwenye simu ya Bi Rukia na kuwatumia washonaji kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa saa tano kasorobo. Nikaletewa chai na mahamri, nikala kwa mkwe mtarajiwa bila haya hata kidogo.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa sauti, kutoka kwa Bi Kibibi, mshonaji mkongwe kuliko wote. "Rukia, hii ni kofia au ni kifuniko cha sufuria? Mbona haina matundu? Hewa itapitia wapi?"

Wenzangu wa kazi hii wameshajua nilichofanya. JPG haijui kisanduku kisicho na kitu. Ikikuta pasipo na rangi, inapaka yake, na siku hiyo ilipaka nyeupe, kwa hiyo matundu yote ya Bwana Omari yakageuka kitambaa na hayakutofautika tena na kitambaa chenyewe. Kungekuwa na faili za zamani, ningegeuza tena kwa PNG, ambayo matundu huyaacha yalivyo, na ingekuwa kazi ya dakika. Nikaenda kuzitazama faili za zamani. Nikakumbuka tiki.

Nilisikia baridi, na Malindi saa hizo hakuna baridi. Bi Rukia akanitazama akingoja jibu la kumpa mwenziwe, na badala ya kusema kweli nikasema, "Ni mtandao, mama. Picha zimefika, matundu yanachelewa kidogo." Naye, kwa kuwa ni mtu mwema anayeamini ujuzi wa watu, akabonyeza simu akawaambia wenzake kwa sauti ya utulivu, "Fundi asema matundu yako njiani."

Nikajaribu programu ya kufufua faili. Yakafufuka majina matupu, maana diski iliyojaa haiachi nafasi, na JPG mpya zilikuwa zimeshalala juu ya makaburi ya zile za kale. Nikajaribu nyingine. Saa sita ikapita, adhana ya adhuhuri ikapita, shati halijakauka, na mimi bado nimeinamia kioo na leso yangu kifuani. Saa nane washonaji wakachoka kungoja wakaja wenyewe, Bi Kibibi na Kadzo wa Kisumu Ndogo na wengine wawili, wakaketi mkekani na vitambaa mapajani wakinitazama. Kadzo, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko sindano yake, akauliza, "Fundi, hayo matundu yaja kwa tuktuk au yaja kwa miguu? Maana sisi tumetoka mbali na tumeyatangulia."

Mficha uchi hazai. Nikainuka, nikamwita Bi Rukia kando, nikamweleza yote, ya JPG, ya tiki, ya mtandao uliokuwa uongo. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Hata ule wa mwisho?"

"Hata ule, mama."

Akavua miwani ya machoni, akaishika mkononi, akakaa chini. Mimi nimewahi kuharibu vitu vya watu, simu na redio na hata friji ya duka la samaki, na nikaona haya na kulipa na kusahau. Siku ile haikuwa haya peke yake. Nilimhurumia mama yule kiasi cha kunitoka machozi, kwa sababu marehemu alikuwa amemwachia neno moja la mwisho kwa binti yake na mimi nimelifuta ili diski ipate nafasi.

Na hapo ndipo mlangoni pakasikika, "Hodi wenyewe."

Nilikuwa nimesahau alasiri. Wallahi nilikuwa nimeisahau. Ami Bakari akaingia, kanzu imenyooshwa, bakora mkononi, manukato yametangulia, na Mzee Shali nyuma yake, wakakaribishwa ukumbini, na wa kwanza waliyemwona, katikati ya wanawake watano, ni mimi, mabega wazi, leso kifuani, bisibisi sikioni.

"Sudi?" akasema ami. "Wafanya nini huku? Na hicho ulichovaa ni nini?"

"Kumbe ana jina," akasema Kadzo.

Bi Rukia akavaa miwani yake tena, polepole. "Mwamjua fundi huyu?"

Ami yangu ana kasoro moja kubwa, hawezi kusema uongo hata wa kumwokoa mtu. Akatazama chini, akatazama bakora yake, akasema, "Ni mtoto wa ndugu yangu, mama. Na kusema kweli, tulikuja kwa ajili yake. Tulikuja kukusifia adabu zake." Kisha Bi Kibibi akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega, akaambukiza wengine, na mimi nikatamani sakafu ipasuke inimeze na leso yangu.

Kicheko kilipopungua tukasikia sauti nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Mwanaisha alikuwa amerudi kutoka kazini kwa mlango wa uani (na bila shaka alishaliona shati langu kambani). Alisema, "Mama, ile folda yangu ya skuli. Baba alinitilia mchoro ule uwe alama yake. Bado upo kwenye kioo."

Sote tukageuka. Na kweli, pembeni ya kioo, juu ya buluu ya kompyuta ile, palikuwa na folda imeandikwa Aisha, kifupi cha jina lake, na badala ya sura ya kawaida ya folda ilivaa mchoro wa kofia, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Kompyuta za zamani zina tabia hiyo, huweka sura ya ikoni kichwani mwao ili zisihangaike kuitafuta kila mara, na faili ikifa, zenyewe huendelea kuionyesha, hazina habari ya msiba, mpaka zizimwe. Na palipokuwa na tundu, buluu ya nyuma ilikuwa inachungulia. Uzi mweusi, kitambaa cheupe, tundu buluu. Kila kitu kilikuwepo.

Nikaruka kubonyeza kitufe cha kupiga picha ya kioo, na hiyo ikawa haraka ya mwisho ya siku ile, maana mashine ikaganda. Kipanya hakiendi, herufi haziingii, lakini picha imebaki pale pale mbele yetu, hai, na haigusiki. Nikatoa simu nikapiga picha kwa nje, ikatoka michirizi mitupu. Nikawaambia ukweli, safari hii mbele ya wote, kwamba ikizimika hatutaiona tena, na njia iliyobaki ni kuisoma kwa macho.

Bi Kibibi akaagiza kioo chake cha kukuzia, kile cha kushonea. Mwanaisha akapitisha mkono chini ya pazia na daftari la hesabu lenye vijisanduku, na ami yangu, aliyekuja kuposa, akapewa penseli kwa kuwa mkono wake ni mzuri. Bi Kibibi akaweka jicho kwenye kioo akaanza, "Uzi, uzi, wazi, tundu, tundu, wazi," Kadzo akirudia nyuma yake kwa sauti, ami akijaza visanduku, Mzee Shali akihesabu safu kwa tasbihi ili zisirukwe.

Na mimi? Plagi ya kompyuta ilikuwa imelegea ukutani, ukiigusa inachezacheza, ikabidi mtu aishikilie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama, nikaingia chini ya meza na leso yangu, nikalala ubavu na kuikandamiza plagi kwa kidole gumba, saa nzima na zaidi, huku naona miguu tu ya ukoo wangu na ukoo niliotaka kuuoa. Mbu alinikalia kwenye pua. Sikumfukuza.

Lakini niwaambie jambo, chini ya meza ile nilianza kuwa na raha. Sauti zao zilikuwa zimepata mwendo, uzi, tundu, wazi, kama watu wanaotwanga pamoja, na mara kwa mara Bi Rukia alikatiza kusema, "Hapo alikosea akarudia," au, "Hiyo ndiyo tabia yake, hupenda tundu tatu," na sauti yake haikuwa tena ya mtu aliyefiwa upya. Ami na Bi Kibibi walibishana juu ya safu ya kumi na tisa kama watu waliojuana miaka. Tukafika ishirini na tano. Tukafika thelathini. Nikasikia ami anasema, "Bado mbili."

Kioo kikazima.

Nyuso zote saba zikainama kunichungulia chini ya meza. "Sikuigusa," nikasema, na kidole changu bado kipo kwenye plagi, chekundu. Hakuna aliyeniamini mpaka feni ya dari nayo ilipomaliza mzunguko wake wa mwisho na jirani akasikika akilalamika dirishani kwamba stima imekwenda mtaa mzima. Umeme uliporudi kabla ya magharibi, kompyuta iliwaka vizuri tu, na folda ya Aisha ilikuwa na sura ya folda kama folda zote.

Bi Rukia alilichukua daftari, akalitazama kwa muda mrefu, safu thelathini zilizojazwa kwa mkono wa ami na mbili tupu. Kisha akasema, bila kunitazama mimi, kwa kuwa mambo ya namna hii huambiwa wazee, "Bwana Bakari, hodi yako nimeisikia. Michoro arobaini na miwili iliyobaki imeshashonwa, iko vichwani mwa watu. Kijana wako aende akaitafute, ahesabu matundu, anirudishie. Siku akileta wa mwisho, uje tena. Hizi safu mbili aniachie mimi." Akaniletea shati langu, bado bichi, nikalivaa hivyo hivyo nikaondoka nyuma ya ami, ambaye tulipofika kwake aliniambia, "Umenitia aibu, lakini yule Bi Kibibi ana macho."

Ndio maana watu wanaficha kofia. Miezi minne, kila siku baada ya kufunga duka na kila Jumapili kutwa, nilizunguka na daftari la vijisanduku nikiwaomba wanaume wazima wavue kofia zao nizihesabu. Jaribuni siku moja kumsimamisha mzee asiyekujua, mkamaliza shikamoo na marahaba, kisha umwambie, "Samahani mzee, nakuomba kofia yako kwa nusu saa." Wengine walinikaribisha ndani. Mmoja Mtwapa alidhani ni uganga akanitolea kisu cha kukatia muhogo. Yule wa Mnarani alikataa katakata kuivua, akaniruhusu kuhesabu ikiwa kichwani, nikamzunguka kwenye kiti chake na kioo cha kukuzia, yeye anasikiliza redio, wajukuu wake wanatazama, na kila nikifika karibu na sikio alisinzia ikanibidi nianze upya. Mwanaisha alikuwa akiniandikia usiku kuuliza, "Leo vichwa vingapi?" na huo ndio uliokuwa uchumba wetu wote. Kila mchoro niliurudisha kisanduku kwa kisanduku, nikauhifadhi kwa PNG, nikautazama, nikautazama tena, nikauweka mahali patatu, na sikufuta kitu.

Wa arobaini na mbili niliupeleka siku ya Jumatano. Bi Rukia alizifungua picha zote moja moja kwenye simu yake mbele yangu, miwani zote mbili machoni, na alipomaliza akasema, "Mwambie ami yako Ijumaa nitapika."

Siku ya nikaha yangu, kofia ililetwa imefungwa kwa leso, na niliitambua leso kabla ya kofia. Sikuwa na subira, niliigeuza pale pale nikahesabu, na vidole vyangu sasa vinajua. Safu thelathini zilikuwa za Bwana Omari, kila tundu mahali pake, kazi safi ambayo sijawahi kuona mfano wake, na katika vichwa vyote nilivyohesabu sijaona. Safu mbili za chini, zile zinazokaa juu ya kipaji, hazikuwa na tundu hata moja.

Nilipokwenda kumsalimu nikamwuliza kwa adabu, "Mama, hizi mbili za mwisho?"

"Hizo ni zako," akasema Bi Rukia. "Nimezishona kama ulivyonigeuzia."

Mimi huivaa kila Ijumaa, na siivui kwa fahari. Isipokuwa jua likikaza, hewa inapita vizuri juu kote kwa marehemu mkwe wangu, na hapa chini kwangu haipiti, jasho linanikusanyikia kwenye kipaji kama mtu aliyeshikwa na uongo, na kila nikilifuta nakumbuka kwamba picha mpya hufunguliwa na kutazamwa kwanza, ndipo ya zamani itupwe.